Kafeini kwenye Zamu ya Upasuaji

Kafeini humfanya daktari akeshe, lakini haimwondolei uchovu. Mtu akikaa macho kwa muda mrefu, adenosini hujilimbikiza kwenye ubongo na kuleta usingizi. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini hiyo, uchovu usisikike ingawa upo palepale. Kwa daktari tarajali wa zamu ya usiku mjini Songea, sawa na mwenzake anayesomea ubingwa wa upasuaji katika hospitali ya Muhimbili au Bugando, hilo si jambo dogo: mjamzito anayehitaji upasuaji hasubiri kupambazuke.

Kikombe cha kahawa huwa na takriban miligramu 100 za kafeini, chai nusu ya hapo au pungufu. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula huhesabu miligramu 400 kwa siku kuwa salama kwa mtu mzima mwenye afya. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa tisa usiku bado kinafanya kazi saa mbili asubuhi, zamu inapokwisha na kitanda kinaposubiriwa.

Kuna pia suala la mkono. Asiyezoea kafeini akizidisha, hutetemeka kidogo, na mtetemo huo huonekana kwanza kwenye ncha ya sindano ya kushonea. Aliyeizoea naye akiikosa huumwa kichwa.

Kinachosaidia zaidi ni kikombe kimoja kikifuatiwa na usingizi wa dakika 20, zamu ikiruhusu.