MTOTO ASIYEJUA KWA NINI ANACHAPWA

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama, ghalani. Yamenakiliwa hapa ili na wale waliokuwa shambani wasome. Asiyejua kusoma asomewe.)

 

Ajenda ya leo ni mbolea na bei ya mahindi. Mbolea tutaizungumza, msiondoke. Lakini Mwenyekiti ametupa nafasi tuseme kwanza juu ya jambo ambalo limeingia mpaka humu ghalani. Wiki iliyopita mwanachama mmoja alikataa magunia yake yasipangwe karibu na magunia ya mwenzake. Mtunza ghala alipomwuliza, akajibu, "Mahindi ya yule yana mambo." Mambo gani? Akanyamaza. Lakini sote tunajua alitaka kusema nini. Alitaka kusema kuwa mwenzetu yule ameuza akili ya mtoto wake ili shamba lizae.

Mtoto mwenyewe mnamjua. Hatumtaji jina, maana jina lake limeshatajwa vya kutosha kisimani na kwenye pombe. Ana miaka 8. Maneno yake ni machache, na ukimwita jina mara nyingi hageuki. Anaweza kukaa asubuhi nzima akizungusha gurudumu la baiskeli na kulitazama. Kelele zinamuumiza. Pale shuleni kengele yetu ni rimu ya gari inayogongwa kwa chuma. Ikilia, yeye huziba masikio na kukimbia nje.

Sasa yaliyotokea ni haya. Muhula uliopita alikimbia kengele ilipolia, akaitwa, hakuitika. Akachapwa kwa utovu wa nidhamu. Kesho yake akakimbia tena, akachapwa tena, safari hii zaidi. Siku ya tatu watoto wenzake wakaanza kumgongea mabati sikioni wapate kucheka, naye akamng'ata mmoja mkono. Akachapwa mbele ya paredi. Tangu siku ile haendi shule.

Ndugu zetu, hatukuja hapa kumsulubu mwalimu. Mwalimu ana watoto wengi katika chumba kimoja na hakuna aliyemfundisha habari za mtoto wa namna hii. Mzazi wa mtoto aliyeng'atwa naye ana haki ya kulalamika, maana jeraha la mwanawe lilikuwa la kweli. Lakini hebu tuulizane: viboko vile vilimfundisha nini mtoto yule?

Sisi tunaosema nanyi leo tunalo la kusema juu ya kiboko. Wengi mnajua tuliacha shule darasa la tatu. Hatukuacha kwa sababu ya njaa wala kuchunga ng'ombe. Herufi zilikuwa zinatuchanganya, "b" tunaiona "d", na kila kosa lilikuwa na kiboko chake. Ikafika mahali tukiona ubao tu mikono inatetemeka, na mkono unaotetemeka hauandiki. Tukakimbia. Tulikaa miaka zaidi ya 20 tukiweka dole gumba kwenye karatasi za watu. Tuliporudi kwenye darasa la kisomo, hapa hapa ghalani, tukikalia magunia, mwalimu wetu alikuwa kijana mdogo kwetu. Hakuweza kutuchapa, tungemchapa sisi! Basi akalazimika kutafuta njia. Alichora herufi mchangani, akatuambia tupitishe kidole, polepole, mpaka tukashika. Herufi zilikuwa zile zile, na kichwa kilikuwa kile kile.

Mganga wa zahanati ametueleza kuwa dalili za mtoto huyu zinafanana na hali inayoitwa usonji, ingawa yeye hana utaalamu wa kutoa jibu la mwisho. Lazima mtoto apelekwe Sumbawanga mjini akachunguzwe. Lakini neno lenyewe tulijue. Usonji hauambukizi, na wala si laana. Hauletwi na chanjo, wala na mama aliyepita mahali pabaya akiwa mjamzito. Ni ubongo kukua kwa namna yake tangu utotoni kabisa, na urithi wa damu una sehemu kubwa ndani yake. Watu wenye usonji hawafanani. Mmoja haongei kabisa, mwingine anaongea sana jambo moja. Mmoja anahitaji kusaidiwa kuvaa shati, mwingine anakushinda hesabu. Dawa ya kuuondoa hakuna. Kinachosaidia ni kufundishwa kwa subira, kwa utaratibu usiobadilikabadilika, na kuanza mapema.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Wanakisomo, fanyeni hesabu: katika watu 1,000 ni karibu watu 8. Kwa hiyo si nyumba moja tu. Wengine tumewaita wajinga, wengine wakaidi, na wengine wamefungiwa ndani mpaka wakakua.

Na tusidhani kumsingizia mzazi ni ujinga wa kijijini peke yake. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, mabingwa wa huko Marekani na Ulaya walisema chanzo ni mama asiyempenda mwanawe. Akina mama wakalia na kujilaumu bure. Baadaye uchunguzi ukaonyesha kuwa si kweli, na maneno yale yakaachwa. Wenzetu wale walikuwa na vyuo na maabara, wakakosea, wakajisahihisha. Sisi tunashindwaje kujisahihisha?

Wazee wetu hutwambia kuwa jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mtu akiingia mji ule auache uchawi wake nje. Basi na tuutupe kweli, tuanze na ule ulio mdomoni. Mwenzetu yule alivuna vizuri mwaka huu kwa sababu alipanda mapema na alipalilia mara mbili, tulimwona. Zaidi ya hayo, kumtangaza mwenzio kuwa mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi, na sheria hiyo ipo tangu enzi za Mwingereza.

Sasa turudi kwenye kiboko. Kanuni za mwaka 2002 juu ya viboko shuleni, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinasema hivi. Viboko visizidi 4. Anayechapa ni Mwalimu Mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Tena itazamwe umri na afya ya mtoto. Halafu ipo Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13. Hiyo inasema kwamba adhabu haifai ikiwa imepita kiasi kwa umri na hali ya mwili na akili ya mtoto, na tena haifai kabisa ikiwa mtoto hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Tulisomewa kifungu hiki mara tatu ili tusikosee. Mtoto anayekimbia kengele kwa maumivu ya masikio anaelewa nini akichapwa? Anaelewa tu kwamba shule inauma.

Na madhara yake tumeyaona katika nchi yetu. Mwaka 2016, Mbeya, jirani zetu hapa, walimu wa mazoezi walimpiga mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa ngumi na mateke, na picha zake zikaenea taifa zima. Agosti 2018 kule Bukoba mtoto wa Shule ya Msingi Kibeta alifariki baada ya kupigwa, akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Machi 2019 mwalimu mmoja akatiwa hatiani na Mahakama Kuu kwa kuua. Mtoto amekufa, mwalimu ameharibikiwa, nyumba mbili zinalia. Tusingoje yatufike hapa.

Jambo la tatu ni sala. Hili limetugawa, na tulitamke waziwazi. Baadhi ya ndugu zetu, kwa nia njema, waliomba mtoto huyu awekwe katikati ya paredi kila asubuhi, shule nzima imwombee pepo limtoke. Siku moja ilifanyika. Watoto walimzunguka wakipaza sauti, na yeye akapiga yowe mpaka akajikojolea. Wapo waliosema, "Mnaona, pepo limeguswa." Hapana, jamani. Zilikuwa kelele zile zile za kengele, zimekuwa kubwa zaidi. Tangu siku ile wazazi wa dini nyingine wanasema watoto wao hawatasimama paredi, na wa dhehebu hili hawasalimiani na wa dhehebu lile.

Sisi hatupingi sala. Ufipa ni nchi ya watu wa sala. Lakini shule nyingi zilizojengwa na wamisheni zilichukuliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1969 ili mtoto yeyote, wa dini yoyote au asiye na dini, akae dawati moja na mwenzake. Na Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, inasema ibada ni hiari ya mtu mwenyewe. Kwa ajili hiyo kuna kipindi cha dini, kila kundi na mwalimu wake. Anayetaka kumwombea mtoto huyu amwombee nyumbani, kanisani, msikitini, wazazi wake wakiridhia. Asimweke mbele ya watoto 300 kama kielelezo.

Na asitokee mtu akasema kwenda hospitali ni kukosa imani. Hospitali ya Dokta Atiman pale Sumbawanga imeitwa kwa jina la nani? Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisheni, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alikuwa katekista, na alikuwa tabibu. Alifanya kazi zote mbili mpaka alipofariki mwaka 1956. Mgonjwa alipoletwa hakumwambia achague kati ya sala na dawa.

Ndugu wanachama, kabla hatujatoa mapendekezo tunayo deni la kulipa. Mwaka jana tulipopata mgeni wa Serikali hapa kijijini, ni sisi Katibu wenu tuliokwenda kwa baba wa mtoto huyu usiku tukamwambia, "Mzee, kesho mfungie ndani, asije akatuaibisha." Akatii. Mtoto akashinda gizani, na ngoma alizisikia. Tukarudi nyumbani tukajiona tumefanya kazi ya Chama. Leo mbele yenu na mbele ya baba yake, aliyekaa pale karibu na mizani, tunasema tulikosa. Tunamwomba radhi yeye na mama watoto.

Mapendekezo yetu ni haya, myajadili na kupiga kura:

Kwanza, ghala ni la wanachama wote. Atakayekataa kupanga magunia na mwenzake kwa maneno ya uchawi, ayarudishe magunia yake nyumbani.

Pili, kamati ya shule isomewe kanuni za viboko, na kitabu cha adhabu kikaguliwe kila mwezi. Mtoto huyu asichapwe kabisa.

Tatu, Mwalimu Mkuu amekubali kujaribu jambo dogo: kabla kengele haijagongwa, mtoto mmoja mwema amshike mkono amtoe taratibu mpaka chini ya mwembe. Na anayemgongea bati masikioni aitwe na mzazi wake.

Nne, mfuko wa ushirika utoe nauli ya mama na mtoto kwenda hospitali Sumbawanga, kwenda na kurudi. Tena tuandike barua kwa Afisa Elimu aulizwe kama tunaweza kuletewa mwalimu wa elimu maalumu, wa wale wanaosomea Chuo cha Patandi, Arusha. Barua tutaiandika sisi wenyewe, kwa mkono huu uliokuwa unatetemeka.

Tano, sala zirudi kwenye kipindi chake.

Hatuwaahidi kuwa mtoto ataongea kama wengine. Huenda asiongee. Baba yake ametuambia kuwa anazijua baiskeli zote za kijiji kwa mlio wa mnyororo, akisikia moja inapita anakwenda mlangoni kabla mwenyewe hajaonekana. Mtoto anayesikia hivyo hana ukiziwi wala ujinga. Anatusikia. Basi tuangalie tunasema nini mbele yake.

Kama kuna mwenye neno, aseme hapa hapa mkutanoni, asiende kulisemea kisimani. Baada ya kura tutakwenda kwenye mbolea.



Katibu wa Tawi