LESENI YA UALIMU: TUJIANDAE TUKIWA KAZINI

Maneno yaliyosemwa na mmoja wa walimu wa kambi katika Siku ya Walimu Duniani, Dzaleka



Kamati imenipa kazi ya kujibu swali ambalo walimu wengi huniuliza tukiwa njiani au tukiwa tunasahihisha madaftari: mtu aliyeanza kufundisha bila cheti cha ualimu atajiandaaje kupata leseni kwa njia ya masomo ya chuo kikuu, naye anaishi hapa Dzaleka? Mimi ni mwalimu wa hapa, na pia ni mwanafunzi wa masomo hayo. Nitasema yale ninayoyajua, na mwenye kujua zaidi ataongeza.

Ndugu zangu, mwaka 1994 ulitukutanisha na mambo matatu. Mwaka huo kambi yetu ilifunguliwa hapa wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza zamani. Mwaka huo huo serikali mpya ya Malawi iliondoa ada katika shule za msingi. Na mwaka huo UNESCO ilianza kuadhimisha tarehe 5 Oktoba kuwa Siku ya Walimu Duniani. Kwa hiyo kambi, elimu bila ada na sikukuu yetu ya leo ni watoto wa mwaka mmoja.

Ada ilipoondolewa, watoto katika shule za msingi za Malawi waliongezeka kwa mwaka mmoja kutoka kiasi cha milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Walimu hawakutosha. Serikali ikaajiri watu karibu 20,000 waliomaliza sekondari bila kusomea ualimu, ikawaingiza darasani. Kuanzia 1997 ikawafundisha wakiwa kazini: miezi mitatu chuoni, kisha miezi ishirini shuleni kwao, wakifundisha na kujisomea kwa vitabu walivyopewa.

Tanzania ilipita njia hiyo mapema zaidi. Baada ya azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa vijijini, na wakati huo huo wakasoma ualimu kwa posta, kwa redio na kwa msaada wa mratibu wa kata. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wako watu wazima hapa mbele yangu waliofundishwa kusoma na walimu wa aina hiyo.

Nimeyataja hayo ili mwalimu wa hapa asione haya. Kuanza kazi kabla ya cheti si aibu, na mataifa makubwa yamefanya hivyo. Lakini katika nchi zote mbili hawakuachwa hivyo hivyo. Walipangiwa masomo, mkufunzi na mtihani. Jambo la kuogopa ni kukaa darasani miaka kumi bila kupangiwa masomo, mtoto akiendelea kupokea tulichobahatisha.

Sasa tutenganishe karatasi, maana wengi wetu tunazichanganya. Kwanza kuna cheti cha sekondari, ambacho hapa ni MSCE, na kwa ndugu zetu wa Congo ni Diplôme d'État. Pili kuna stashahada au shahada ya chuo kikuu. Tatu kuna cheti cha elimu, kinachothibitisha kwamba umesomea kufundisha. Nne ndiyo leseni. Sheria ya Elimu ya 2013 iliunda Baraza la Walimu la Malawi, na kazi yake mojawapo ni kuandikisha walimu na kuwapa leseni. Chuo kikuu hakitoi leseni. Chuo kinakupa ushahidi wa kupeleka kwenye Baraza.

Hili linatuhusu sana. Tangu 2010 vijana wa Dzaleka wamesoma kwa intaneti stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani, kwa mpango wa Wajesuiti, na wa kwanza walihitimu 2013. Ilikuwa heshima kubwa kwa kambi nzima, na wengi wao wamefundisha wadogo zao. Lakini stashahada ya masomo ya jumla, hata iwe nzuri namna gani, si mafunzo kamili ya ualimu. Mwenye shahada ya somo lingine hapa Malawi huongeza cheti cha elimu cha chuo kikuu, kinachojulikana kwa herufi UCE. Mwenye cheti cha sekondari tu huomba chuo cha ualimu wa msingi au shahada ya elimu yenyewe. Kila chuo kina masharti yake. Kabla ya kulipa chochote, uliza mambo mawili kwa maandishi: je, masomo haya yanakubaliwa na Baraza la Walimu? Na je, nitatozwa ada ya mwenyeji au ya mgeni? Usikubali jibu la mdomo.

Katika masomo yenyewe kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni somo unalofundisha. Ya pili ni elimu ya kufundisha: jinsi mtoto anavyokua, jinsi ya kupanga somo, jinsi ya kupima. Ya tatu ni mazoezi ya kufundisha mbele ya mkaguzi.

Wengi hudhani sehemu ya pili ni maneno tu. Nitoe mfano wa hesabu. Katika darasa moja la Umodzi Katubza wamo watoto wa kambi pamoja na watoto wa vijiji vya jirani. Mtoto wa Kichewa akihesabu kwa lugha yake, sita ni tano na moja, na tisa ni tano na nne. Mtoto anayehesabu kwa Kiswahili ana jina la pekee kwa kila namba hadi kumi. Mwalimu akiuliza kwa Kiingereza tisa toa nne, wa kwanza ana jibu ndani ya neno lenyewe, ikiwa mwalimu anajua kumwonyesha. Wa pili anahitaji vijiti au mawe ya kuhesabia. Mwalimu asiyejua hilo atasema mmoja ni mwepesi na mwingine ni mzito. Mwalimu aliyesomea ataandaa njia mbili kwa swali moja. Tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi, lakini mtoto anaiona.

Upande wa mazoezi, sisi tuna mali ambayo hatuitunzi. Mwanafunzi wa chuo cha mjini hutafuta shule ya kufanyia mazoezi. Sisi tunayo kila asubuhi, tena yenye darasa lililojaa. Lakini mkaguzi akija na kuuliza umefundisha nini mwaka uliopita, wengi wetu hatuna hata ukurasa. Kwa hiyo ninawaomba, kuanzia muhula huu, kila mwalimu awe na jalada moja. Ndani yake aweke azimio la kazi la muhula, maandalio ya masomo, orodha ya mahudhurio, alama za majaribio, kazi tatu au nne za watoto zinazoonyesha walipoanza na walipofika, na maoni ya mwalimu mkuu au mwenzake aliyekaa nyuma ya darasa akamwangalia. Juu ya yote aweke barua ya shule yenye tarehe aliyoanza kazi, darasa na somo. Wahenga walisema akiba haiozi. Barua hiyo iombwe wakati mkuu wa shule angali hapa, kwa maana wakuu wa shule huhama, na wafadhili pia.

Kuhusu karatasi za kale, mwenye Diplôme d'État au cheti cha Burundi au Rwanda atahitaji tafsiri ya Kiingereza, na vyeti vya nje hupimwa. Angalieni majina. Mtu ameandikwa kwa namna moja kwenye cheti, kwa namna nyingine kwenye kadi ya familia, na namna ya tatu kwenye fomu ya chuo. Herufi moja ya L na R inaweza kumrudisha mtu nyumbani bila kusikilizwa. Sahihisheni majina kwanza ofisini hapa kambini, ndipo mwombe masomo.

Tena, kwenda Lilongwe si safari ya kuamka na kupanda minibasi tu, ingawa ni kilomita zisizofika 50. Mnakumbuka mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi wote waliokuwa mijini na vijijini warudi Dzaleka. Kila anayekwenda kufanya mtihani au kuonana na mkufunzi apate kibali mapema, na abebe barua ya chuo inayotaja siku na mahali. Mtihani uliosomewa mwaka mzima usipotee barabarani.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye swali gumu, ambalo kijana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, nikipata hiyo leseni, nani ataniajiri?" Sitamdanganya. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake. Kifungu cha 19 juu ya kazi za kitaalamu na cha 22 juu ya elimu ya serikali ilivichukua kuwa mapendekezo tu, na ikabaki na haki ya kupanga mahali mkimbizi atakapokaa. Ndiyo maana mwalimu mkimbizi hapa hupokea posho na kuitwa mtu wa kujitolea, hata akifanya kazi ile ile ya mwenzake mwenye mshahara. Leseni haibadilishi hilo kesho asubuhi.

Hata hivyo nasema tuisomee, kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna ajuaye atakapokuwa baada ya miaka mitano: nyumbani, nchi ya tatu, au hapa hapa. Nyumba hatuwezi kuibeba, shamba hatuwezi kulibeba, lakini mafunzo yenye ushahidi tutayabeba. Na siku sheria itakapolegea, watakaoitwa kwanza ni wale ambao karatasi zao ziko tayari. Pili, na hii ndiyo kubwa, kambi hii ilipangwa kwa watu 10,000 au 12,000 na sasa ina zaidi ya 50,000. Mtoto aliyeko darasa la kwanza leo hawezi kungoja sheria ibadilike ndipo apate mwalimu aliyeandaliwa. Hata kama hakuna wa kuniajiri, yupo wa kufundishwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa zaidi ya miaka thelathini, na jembe letu ni chaki.

Namalizia kwa maombi matatu. Kwa mashirika: mnapopanga bajeti ya elimu, wekeni fungu la ada ya mitihani, tafsiri ya vyeti na nauli ya Lilongwe. Ni fedha ndogo ukilinganisha na semina, lakini ndizo zinazowakwamisha watu. Na mwalimu akihudhuria semina zenu, mpeni karatasi inayosema amejifunza nini na kwa saa ngapi.

Kwa Kamati: tunaomba chumba kimoja chenye taa, jioni tatu kwa wiki, walimu wasomee pamoja. Anayesoma peke yake kwa simu, bando likiisha naye anaacha. Akina mama walimu hasa wameniambia kwamba jioni hizo ziwe mapema, wafike nyumbani kabla ya giza, na wawe na mahali pa kuwaweka watoto wadogo.

Kwa walimu wa Malawi wenye leseni, ndugu zetu tunaofundisha nao: kila mmoja wenu amchukue mmoja wetu. Kaa nyuma ya darasa lake mara moja kwa mwezi, andika uliyoyaona, tia sahihi. Nasi tutawasaidia kwa Kiswahili na Kifaransa pale mtoto anapolia na hamjui anasema nini.

Walimu wenzangu, orodha ya majina itakuwa mezani kwa Katibu baada ya mkutano. Mwenye nia aandike jina lake kama lilivyo kwenye cheti chake, somo lake na darasa lake. Tukipata hata watu kumi, tutaanza wiki ijayo.