MISHIPA YA DAMU IKIHARIBIKA, KUMBUKUMBU NAYO HUPOTEA
(Mazungumzo kwa wahitimu wa madarasa ya kisomo)



Leo tunataka tuzungumze juu ya kusahau kwa wazee. Hatusemi kusahau mahali ulipoweka jembe. Hilo humpata kila mtu. Tunasema juu ya bibi aliyekula sasa hivi, naye anadai hajala tangu jana. Au babu anayetoka usiku, akashindwa kuijua nyumba yake, akagonga kwa jirani.

Je, jirani akiamka atasema nini? Wengine watasema, "Huyu mchawi!" Katika nchi yetu wako wazee waliopigwa, hata kuuawa, kwa maneno kama hayo. Basi tusikilizane vizuri. Huo si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo.

Ugonjwa huu uko kijijini kama ulivyo mjini. Mwaka 2009 na 2010 wataalamu walipima wazee katika vijiji 6 vya wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Wote walikuwa na miaka 70 au zaidi. Waliona kwamba katika kila wazee 100, kama 6 walikuwa nao. Katika wilaya hiyo hiyo wazee walipimwa presha pia. Karibu 7 katika kila 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakujua.

Sasa, presha na kusahau vinahusianaje?

Ubongo ni kama shamba la migomba. Mishipa ya damu ni mifereji yake. Ubongo ni mdogo. Katika sehemu 100 za uzito wa mwili, wenyewe ni kama sehemu 2 tu. Lakini unatumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni tunayovuta. Oksijeni hiyo inaletwa na damu. Sehemu ya ubongo ikikosa damu kwa dakika chache tu, huanza kufa.

Mkulima anajua. Maji yakija kwa nguvu kupita kiasi, kingo za mfereji hubomoka. Tope likijaa, maji hayapiti. Presha ya juu hufanya hivyo hivyo. Huumiza kuta za mishipa, zikawa nene na ngumu. Kisukari na tumbaku huzidi kuiharibu. Mshipa mkubwa ukiziba au ukipasuka, mtu hupata kiharusi. Mishipa midogo ikiziba mmoja mmoja, hakuna anayeona kitu. Lakini kila mara kipande kidogo cha ubongo hufa. Siku moja mzee anashindwa kuhesabu pesa, na watu wanashangaa.

Wako wanaosahau kwa sababu nyingine, kama ugonjwa wa Alzheimer. Wengi wana yote mawili kwa pamoja. Ubongo uliokwisha kufa haurudi. Lakini mishipa inaweza kulindwa. Huko Marekani, watu zaidi ya 9,000 wenye presha walifuatiliwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Wale walioshushiwa presha zaidi kwa dawa walikuwa na nafuu: walioanza kupungukiwa kumbukumbu walikuwa wachache kwa karibu moja ya tano.

Kwa hiyo tufanye nini?

Kwanza, tupime presha. Mtu atasema, "Mie mzima, siumwi kitu." Presha haiumi! Kipimo kikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu.

Pili, ukipewa dawa, meza kila siku. Dawa ya presha si kama dawa ya malaria, kwamba ukimaliza dozi basi. Ukijisikia vizuri, ndiyo dawa inafanya kazi. Usiiache bila kumwuliza mganga wa zahanati.

Tatu, tupunguze chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo ndani ya chakula. Magadi nayo yahesabiwe.

Nne, tuache sigara na ugoro, tupunguze pombe, tutembee na kulima kadiri ya nguvu zetu.

Tano, mtu akipinda mdomo ghafla, au mkono ukalegea, au maneno yakamshinda, apelekwe hospitali saa ile ile. Msingoje asubuhi.

Na sisi tuliosoma ukubwani tunayo habari njema. Mwaka 2024 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu. Presha imo, na kukosa elimu kumo. Ubongo unaotumika una akiba. Basi tusiache kusoma, kuandika na kuzungumza na wenzetu.

Mwisho, yule mzee ambaye ameshaanza kupotea. Tusimcheke, tusimfungie ndani. Tumwite kwa jina lake, tumwambie taratibu. Majirani waambiwe kwamba anaumwa, ili akigonga usiku arudishwe kwake kwa heshima. Wanaomtunza wapokezane, maana kazi hii inachosha.

Ndugu zetu, wiki hii kila mmoja wetu ampeleke mzee mmoja zahanati akapimwe presha. Na yeye mwenyewe apimwe hapo hapo.