KUUTAZAMA MJI WA JAKARTA

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, katika mkutano wa Chama. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



 Niliombwa niseme habari za mji wa Jakarta katika nchi ya Indonesia, ambako nilikaa siku 9 wakati wa livu yangu. Sitasema mengi juu ya safari yenyewe, maana kila aliyepanda ndege azijua taabu zake. Nataka kuwaeleza mambo ya mji ule yanayostahili kutazamwa, na mwisho niseme neno moja linalotuhusu sisi watumishi wa Serikali.

Jakarta u katika kisiwa cha Java, pwani ya kaskazini. Mwaka 1527 mji huo uliitwa Jayakarta. Mwaka 1619 Waholanzi wa kampuni ya biashara waliuteka, wakajenga mji wao wakauita Batavia. Mwaka 1942 Wajapani waliingia, na jina la Batavia likaondolewa. Tarehe 17 Agosti 1945 Sukarno na Hatta walitangaza uhuru wa Indonesia mjini humo. Leo mji wenyewe una watu zaidi ya milioni 10. Lakini vitongoji vimeungana nao pande zote, na katika hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2025, pamoja na vitongoji hivyo, Jakarta ulitajwa kuwa mji mkubwa kuliko yote duniani, wenye watu karibu milioni 42.

Yamkini mtauliza: Mgeni ataanzia wapi katika umati kama huo? Kwanza na ajifunze njia. Motokaa na pikipiki hujaa barabarani hata mtu aendaye kwa miguu huwapita waliopanda. Pikipiki za abiria huitwa ojek, nazo ni bodaboda zetu hasa. Magari ya magurudumu matatu huitwa bajaj, kama sisi tuitavyo bajaji, kwa kuwa asili yake ni moja, nchi ya India. Yako pia mabasi yenye njia yao peke yao, yaliyoanza mwaka 2004, miaka 12 kabla ya yale ya mwendo wa haraka ya Dar es Salaam. Tena tangu mwaka 2019 liko gari la moshi lisilo na moshi, lipitalo chini ya ardhi. Jumapili asubuhi, tangu saa 12 mpaka saa 4 hivi, barabara kubwa ya katikati hufungwa, motokaa zisipite, na watu hutoka kwa maelfu kutembea, kukimbia na kula. Mgeni asikose asubuhi hiyo.

Juu ya barabara hizo nitawapa kisa kimoja kitakachowafurahisha makarani. Ilikuwapo amri kwamba saa za msongamano motokaa isipite katika barabara kubwa ila iwe na watu watatu. Nia ilikuwa njema. Walakini maskini wa mji walisimama kando ya njia wakijikodisha kuwa abiria, hata akina mama wenye watoto mgongoni, maana mtoto naye alihesabiwa mtu. Watu wakaicheka amri hiyo, na mwaka 2016 ikafutwa. Lakini wataalamu walipopima, waliona msongamano umezidi, hata katika barabara ambazo amri haikuzihusu kamwe. Kumbe amri iliyochekwa ilikuwa ikifanya kazi.

Sasa twende katikati ya mji. Hapo uko uwanja wa Merdeka, ndiyo kusema Uhuru, na katikati yake umesimama mnara uitwao Monas, wenye urefu wa mita 132, na juu yake mfano wa mwali wa moto uliopakwa dhahabu. Mtu hupandishwa kwa lifti, baada ya kungoja zamu yake sana. Afadhali kufika mapema, kabla ya jua kali.

Karibu na uwanja huo uko msikiti wa Istiqlal, uliofunguliwa mwaka 1978, nao ni mkubwa kuliko yote katika nchi zile za kusini-mashariki ya Asia. Aliyeuchora ni Friedrich Silaban, naye alikuwa Mkristo. Ng'ambo ya barabara liko kanisa kuu la Wakatoliki lililowekwa wakfu mwaka 1901. Siku kuu za Wakristo, msikiti huwapa nafasi ya kuweka motokaa zao. Na siku kuu za Waislamu, kanisa hufanya vivyo hivyo. Njia imechimbwa chini ya barabara kuyaunganisha majumba hayo mawili, na mwezi wa Septemba 2024 Papa Francis alisimama mlangoni pake pamoja na imamu mkuu. Mimi sikuona kitu mjini kilichonipendeza kuliko hicho.

Msikivu mwenye Kiswahili hatajiona mgeni kabisa katika mji ule. Watu husalimiana kwa kuuliza "Apa kabar?" ndiyo habari gani. Ofisini, meza ni meja, karatasi ni kertas, kabati ni lemari, kama almari yetu, na bendera ni bendera. Maneno hayo yaliletwa kwao na kwetu na bahari ile ile, pamoja na Waarabu na Wareno waliopita humo. Asubuhi utauziwa kando ya njia chakula kiitwacho nasi uduk, nacho ni wali wa nazi usio na shaka. Na jioni utasikia moshi wa sate, nayo ni mishikaki.

Tukielekea kaskazini twafika Batavia ya kale. Uko uwanja wenye mawe, na mbele yake jumba la baraza la mji lililomalizika mwaka 1710, ambalo sasa ni nyumba ya ukumbusho wa mambo ya kale. Chini yake mna vyumba vya gereza, vifupi, vyenye giza. Mwaka 1830 Mwana wa Mfalme Diponegoro, aliyepigana na Waholanzi miaka mitano, alifungwa katika jumba hilo kabla ya kupelekwa uhamishoni. Nje, vijana hukodisha baiskeli na kofia za rangi. Mbele kidogo iko bandari ya Sunda Kelapa, na humo mmefungwa majahazi makubwa ya mbao ya Wabugis. Mtu wa Unguja au Mombasa atasimama hapo akumbuke kwao.

Kutoka bandarini si mbali kufika mahali ambapo wageni wengi hawapelekwi, nami nasema ndipo pa kutazamwa kuliko pote. Katika mtaa wa Muara Baru umejengwa ukuta wa kuzuia bahari. Ukisimama juu yake, upande huu waona maji, na upande huu waona mapaa ya nyumba. Na maji yako juu kuliko njia wanamochezea watoto. Nje ya ukuta uko msikiti uliokwisha kuachwa, bahari imeingia ndani yake. Mashine hupiga maji usiku na mchana kuyarudisha baharini, kwa kuwa mito 13 yapita mjini, na mingine haiwezi tena kushuka yenyewe.

Sababu ni nini? Bahari yapanda, ni kweli. Lakini zaidi ya hayo mji washuka. Mabomba ya maji hayakuwafikia watu wote. Basi kila mwenye nyumba, kila mwenye hoteli na kila mwenye kiwanda alichimba kisima chake akavuta maji ya chini. Ardhi iliyonyonywa hujikunja. Sehemu nyingine za kaskazini zilishuka mita 2 na nusu katika miaka 10 iliyokwisha mwaka 2018, na wataalamu wamekadiria kwamba karibu asilimia 40 ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuuzamisha mji. Kila mmoja alitafuta maji ya kunywa tu.

Mwezi wa Agosti 2019 Raisi Joko Widodo alitangaza kwamba makao makuu ya Serikali yatahamishwa kwenda kisiwa cha Kalimantan. Sheria ilipitishwa mwaka 2022, na mji mpya ukaitwa Nusantara. Sisi twayafahamu mambo hayo: shauri la Dodoma lilikatwa mwaka 1973, na uhamaji mkubwa ukaja tangu mwaka 2016. Karani akiambiwa ahame, hufunga mafaili na sanduku lake, akaenda. Lakini yule mama wa Muara Baru hana barua ya uhamisho. Yeye atabaki na ukuta.

Wala msidhani kwamba dawa haijulikani. Mji wa Tokyo nao ulizama kwa sababu hiyo hiyo. Serikali ilizuia visima, ikavipa viwanda maji mengine, na katika miaka ya 1970 kuzama kule kukakoma karibu kabisa. Angalieni kwamba mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Kumkataza mtu kisima bila kumpa bomba ni kumkataza kunywa.

Mabwana na Mabibi, wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Mimi niliusikia msemo huo tangu utoto, lakini ukuta wenyewe niliuona Jakarta. Katika meza zetu hupita maombi madogo: bomba la kijiji, mfereji wa mtaa, kibali cha kisima. Ombi likilala miezi sita, mwombaji halali nalo. Hutafuta njia yake mwenyewe, na jirani yake vivyo hivyo, na hesabu yake huja baada ya miaka 30, wakati sisi tumekwisha kupata pensheni. Basi tusiyaache yalale.