VIBALI VYA KUCHIMBA MADINI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wachimba mawe na mchanga wa Meru na Embu)



Watu wengi hufikiri mwenye cheti cha shamba ndiye mwenye kila kilicho chini ya udongo wake. Sivyo. Kwa Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini ni mali ya wananchi, na serikali kuu imewekewa amana. Lakini shikeni na neno la pili: katika shamba la mtu ruhusa haitolewi mpaka mwenyewe akubali waziwazi, na akiharibiwa mali yake ana haki ya fidia. Basi akija mgeni na karatasi ya Kiingereza akataka kidole gumba, asomewe kwanza, tena na mtu wake mwenyewe.

Mtasema, sisi ni watu wa kokoto tu. Sheria hiyo imetaja mawe, changarawe, mchanga na udongo wa kujengea pia.

Kwa mtu wa sururu na nyundo kiko kibali cha mchimbaji mdogo. Hupewa raia wa Kenya aliye mtu mzima, wala hakizidi miaka 3. Huombwa katika ofisi ya madini ya kaunti, na iko kamati ambamo wachimbaji wenyewe wana viti. Je, viti vyetu vinakaliwa na nani? Leseni kubwa ya kuchimba yaweza kufika miaka 25. Ile ya kutafuta madini, miaka 3. Na kutafuta si kuchimba! Mwenye ruhusa ya kutafuta huchukua vipande vya kupima. Akianza kupakia malori amevunja sheria.

Mrabaha nao umegawanywa: katika kila shilingi 100, 70 ni za serikali kuu, 20 za kaunti, 10 za jamii ya mahali pale.

Linaloniuma ni hili. Tajiri asiye na kibali hataki jina lako liandikwe popote. Siku ukuta wa timbo ukikuangukia, atasema hakujui. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awakatie bima watu wake. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kushika sururu, mwulizeni mambo matatu: kibali kiko wapi, kinakwisha lini, na bima iko wapi. Msiende mmoja mmoja. Nendeni wote pamoja. Wanaotaka kuomba kibali chao kwa ushirika wampe katibu wa tawi majina yao.