Treni za Vitofali na Alasiri Moja ya Ukumbi wa Kata

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata kuhusu matumizi ya ukumbi wa jamii



Ukumbi wa kata una shughuli za aina mbili: vikao na sherehe. Siku isiyo na kikao wala harusi, mlango hutiwa kufuli, na watoto hucheza kwenye baraza yake, nje ya nyumba iliyojengwa kwa nguvu na michango ya wazazi wao. Ndiyo maana limeletwa mbele ya wakazi pendekezo kwamba ukumbi utengewe alasiri moja kwa juma kwa ajili ya klabu ya watu wanaounda vitu kwa mikono, watoto pamoja na watu wazima.

Wapo waliolipinga pendekezo hilo, na hoja yao si ya kubezwa. Wanasema mchezo si huduma. Huduma ni maji, zahanati na barabara. Wanasema pia kwamba alasiri isiyokodishwa ni mapato yaliyopotea. Kabla ya kuamua, inafaa kutazama mfano wa mahali ambapo mchezo wa namna hii umepewa nafasi katika kumbi za umma, ili ijulikane umeleta nini na umegharimu nini. Mfano huo ni klabu za treni za vitofali.

Chimbuko la vitofali hivyo ni karakana ya seremala. Mwaka 1932, Ole Kirk Christiansen, seremala wa mji mdogo wa Billund nchini Denmark, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao baada ya kazi za ujenzi kuadimika kutokana na mdororo wa uchumi. Mwaka 1934 kazi yake ilipata jina la LEGO, lililofupishwa kutoka maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya kucheza vizuri. Tarehe 28 Januari 1958, mwanawe Godtfred aliwasilisha ombi la hataza ya kitofali cha plastiki chenye vichomozi juu na mirija ndani yake. Mirija hiyo ndiyo inayoshika vichomozi vya kitofali cha chini, hata ukuta ukasimama bila gundi. Kitofali cha mwaka huo hushikana hadi leo na kitofali kilichotoka kiwandani juzi, kwa kuwa vipimo havikubadilishwa.

Treni za kwanza za vitofali zilitoka mwaka 1966. Mwaka 1991 zikaja zile za volti 9, ambazo umeme wake hupita katika reli zenyewe, nazo reli zimevikwa chuma. Leo treni hubeba betri ndani ya behewa au kichwa cha treni, na mwendeshaji huweza kuiongoza kwa simu ya mkononi. Mabehewa huunganishwa kwa sumaku. Mwenye pupa akiunganisha mabehewa mengi kupita kiasi, sumaku huachana, kichwa cha treni kikaenda peke yake na mzigo ukabaki njiani. Mtoto akiona hilo hahitaji kuhubiriwa kuhusu nguvu na uzito, amekwisha kujionea.

Katika Marekani na Ulaya, watu wazima wenye kupenda treni hizo wameunda klabu. Miongoni mwazo ni Pacific Northwest LEGO Train Club na Greater Midwest LEGO Train Club, zote za Marekani. Wanachama hutumia jioni zao kuunda stesheni, madaraja, maghala na mitaa, kisha huvibeba hadi kwenye makumbusho, maktaba na maonyesho ya reli. Hapo watu wasiofahamiana huunganisha meza zao, na treni hupita kutoka meza ya mmoja hadi ya mwingine.

Ndugu wakazi, siri ya jambo hilo ni makubaliano. Umbali kutoka kichomozi kimoja hadi cha pili ni milimita 8. Bati la msingi lenye vichomozi 32 kila upande lina urefu wa milimita 256, na kipande kimoja cha reli iliyonyooka huchukua vichomozi 16, yaani milimita 128. Hivyo, vipande viwili hutosha bati moja bila kuzidi wala kupungua. Vipande 16 vya kona hufunga duara kamili. Juu ya vipimo hivyo vya kiwandani, wanachama huongeza vyao: kimo cha meza, na umbali wa reli kutoka ukingoni. Mwanachama yuko huru kujenga apendavyo katikati ya meza yake, mlima au soko. Ukingoni hana uhuru huo, kwa sababu hapo ndipo anapokutana na jirani. Aliyekosea ukingo kwa milimita chache husababisha treni ya mwenzake ianguke.

Tanzania inalifahamu somo hilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya reli mbili. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja. Hata hivyo, kwa tofauti hiyo, mzigo unaofika Kidatu kwa reli moja hulazimika kuhamishiwa kwenye mabehewa ya reli nyingine ndipo uendelee na safari. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huo, ina upana wake wa milimita 1,435. Mtoto aliyewahi kuona meza mbili zikikataa kuungana ataelewa upesi kwa nini mhandisi hubishania milimita.

Faida ya klabu hizo haiishii kwenye hesabu, ingawa hesabu yake inashangaza. Vitofali 6 vya rangi moja, kila kimoja kikiwa na vichomozi 8, vyaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765, kama wanahisabati wa Denmark walivyokokotoa. Lililo kubwa zaidi ni namna kazi inavyowakutanisha watu wasiokutana kwingine. Mstaafu hukaa meza moja na mwanafunzi. Fundi umeme humfundisha karani, na karani humfundisha fundi kupanga rangi.

Mwanasaikolojia Daniel LeGoff aliligeuza jambo hilo kuwa tiba. Katika utafiti alioutoa mwaka 2004, alieleza jinsi watoto wenye usonji wanavyosaidiwa kushirikiana kwa kujenga kwa vitofali katika vikundi. Kazi hugawanywa kwa majukumu matatu. Mhandisi anasoma mchoro na kutaja kinachohitajika. Mgavi anatafuta kipande na kukitoa. Mjenzi anakiweka mahali pake. Hakuna anayeweza kumaliza peke yake, kwa hiyo mtoto ambaye kusema na mwenzake humwia vigumu hupata sababu ya kusema. Baadaye hubadilishana majukumu. Wazazi wenye watoto wa namna hiyo hawahitaji kuelezwa thamani ya mahali ambapo mtoto hachekwi wala hafukuzwi.

Mfano huu una upande wake mgumu, nao usifichwe. Vitofali vya kiwandani ni ghali. Vingi katika maonyesho ya ughaibuni ni mali ya wanachama wenyewe, walivyovinunua kwa miaka mingi, na ndiyo sababu kamba huzungushiwa meza ili watoto watazame bila kugusa. Klabu ya kutazama tu haiwezi kuwa hoja ya kufungua ukumbi wa kata. Mtoto asiyegusa hujifunza nusu.

Kwa hiyo linalopendekezwa si kununua vitofali. Linalopendekezwa ni kuchukua makubaliano na kuacha bei. Watoto wa kata hii tayari wanaunda magari ya waya yenye usukani mrefu, malori ya makopo, na magurudumu ya malapa yaliyochakaa au vifuniko vya chupa za soda. Kipaji kipo, kinachokosekana ni ukingo wa pamoja. Kila mmoja hutengeneza gari lake kwa kipimo chake, na mchezo unapokwisha, kazi hutupwa jalalani.

Klabu ingeanza kwa kukubaliana mambo manne. Kwanza, ubao wa kila kikundi uwe na urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60. Pili, reli ziwe za vipande vyembamba vya mbao, na nafasi kati yake iwe sentimita 4. Tatu, reli iingie na kutoka ubaoni ikiwa sentimita 15 kutoka ukingo wa mbele. Nne, meza zote ziwe na kimo kimoja, kinachomwezesha mtoto mdogo na mtu aliyeketi katika kiti cha magurudumu kuona sawasawa. Mengine yote yaachwe kwa kikundi: mmoja ajenge mnada wa ng'ombe, mwingine zahanati, wa tatu kisima na foleni ya ndoo. Siku ya maonyesho, mbao zikiunganishwa, wakazi wataiona kata yao ikiwa imejengwa na watoto wao, na treni ya makopo ikivutwa kwa uzi kutoka kijiji hadi kijiji.

Meza hizo zaweza pia kuokoa maisha. Dereva wa gari akiona hatari hukanyaga breki na gari likasimama karibu; dereva wa treni hana bahati hiyo. Treni ya mizigo iliyosheheni yaweza kuhitaji kilomita moja au zaidi ndipo isimame, na haiwezi kukwepa pembeni. Mtoto anayecheza juu ya taluma, au anayepanga kokoto juu ya reli ili aone zinavyosagwa, mara nyingi hafahamu hivyo. Kipande cha makutano ya reli na barabara kikijengwa ukumbini, chenye kizuizi na alama zake, mwalimu ataweza kueleza kwa vitendo: simama, tazama pande zote mbili, sikiliza, ndipo uvuke. Watoto wengi wa vijijini hukutana na reli safarini, shuleni au kwa ndugu, hata kama haipiti mlangoni pao.

Kuhusu mapato, daftari la ukumbi liko wazi kwa Mtendaji wa Kata, na kila mkazi anaruhusiwa kuomba kulitazama. Itafutwe siku ambayo ukumbi hukodishwa mara chache zaidi, na hiyo ndiyo itengwe. Sherehe ikijitokeza siku hiyo, klabu ipishe na kufidiwa siku nyingine. Kwa utaratibu huo, mapato hayataguswa sana, na mlango hautafungwa bure.

Kuhusu usalama, kanuni ziwe chache na zishikwe. Watoto walio chini ya miaka 3 wasikaribie vipande vidogo, maana huviweka mdomoni na vyaweza kuwakaba. Misumeno, visu na waya wenye ncha vitumiwe mbele ya mtu mzima. Wawepo watu wazima wasiopungua wawili kila alasiri, na majina yao yaandikwe kitabuni. Wasichana wasiachiwe kazi ya kufagia huku wavulana wakishika nyundo. Majukumu matatu ya mhandisi, mgavi na mjenzi yazunguke kwa wote. Watoto wenye ulemavu waandikishwe tangu siku ya kwanza, wasingoje kukumbukwa.

Tukirudi kwenye hoja ya wapinzani, ni kweli kwamba klabu haitachimba kisima wala kuleta dawa zahanati. Lakini atakayerekebisha pampu ya kisima hicho miaka 15 ijayo yuko barazani leo, na waya mkononi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Aidha, mradi wowote wa kijiji hukwama pale pale treni ya vitofali inapoangukia, yaani ukingoni, ambapo kazi ya mmoja inakutana na ya mwingine. Bomba la kitongoji kimoja halilingani na la kingine. Mfereji wa shamba la juu unamwagia shamba la chini. Watu waliozoea tangu utotoni kupima ukingo pamoja hawatafika mahakamani upesi kwa ajili ya mfereji.

Uamuzi ni wa wakazi, nao utafanywa katika mkutano wa hadhara kwa utaratibu wa kawaida. Wanaounga mkono na wanaopinga waje wote. Mafundi seremala wenye mabaki ya mbao, walimu wa hisabati na sayansi, na wastaafu wa reli kama wapo, wanaombwa kuacha majina yao katika ofisi ya Mtendaji wa Kata. Watoto waje na magari yao ya waya. Wayaweke juu ya meza, ili kabla ya kupiga kura watu wazima waone ni kitu gani hasa kinachoombewa nafasi.