Chama Kilichoanza na Nyumba

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilitutaka tuseme machache juu ya mambo ambayo chama cha siasa chapaswa kuyatanguliza kikikabidhiwa utawala wa mji. Tulipoketi kuandika, tuliona ya kuwa mashauri matupu hayatawafaa wanachama. Ya namna hiyo twayasikia tele kila uchaguzi unapokaribia: twaahidiwa barabara, maji, taa, hospitali, masoko safi na kazi kwa vijana, yote kwa pumzi moja. Kwa hiyo tumechagua kuwasimulia habari za chama kimoja kilichokabidhiwa mji kweli, kikatanguliza jambo moja, na kazi yake yaonekana kwa macho hata leo. Mji huo ni Vienna, mji mkuu wa Austria.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha mwaka 1918, ufalme mkubwa uliokuwa ukitawaliwa kutoka Vienna ulivunjika vipande vipande. Mji ukabaki na watu wapatao milioni moja na laki nane, na nchi ndogo ya kuwalisha. Wafanyakazi walikaa katika nyumba za chumba kimoja na jiko. Bomba la maji lilikuwa nje ukumbini, la majirani wote, na choo vilevile. Tena walikuwako wengi wasioweza kupanga hata chumba. Wao walipanga kitanda tu, kwa saa kadha wa kadha, kisha huondoka ili mwingine alale. Kifua kikuu kilienea mno hata nchi nyingine zikakiita ugonjwa wa Vienna. Wazee wetu walioanza kazi Nairobi zamani za ukoloni, wakapewa nafasi ya kitanda katika chumba cha watu wasiojuana, hawahitaji tuwafafanulie zaidi.

Tarehe 4 Mei 1919 ulifanywa uchaguzi wa Baraza la Mji, wa kwanza ambao wanaume na wanawake wote walipiga kura kwa haki sawa. Chama cha Kidemokrasia ya Kijamii, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa wafanyakazi, kilipata viti 100 katika viti 165. Jakob Reumann akawa Meya. Kisha, tangu tarehe 1 Januari 1922, Vienna ikatengwa na jimbo lililoizunguka, ikawa jimbo peke yake. Tunaomba jambo hilo lishikwe sana, kwa kuwa hapo ndipo mji ulipopata uwezo wa kutunga kodi zake wenyewe. Bila uwezo huo, yote tutakayoyasema baadaye yangalibaki maneno ya jukwaani.

Mkuu wa fedha wa mji alikuwa Hugo Breitner, mtu aliyekuwa mkurugenzi wa benki kabla ya kuingia kazi hiyo. Yeye hakupenda kujenga kwa mikopo. Alitaka mji ujenge kwa fedha iliyomo mkononi. Akatoza ushuru juu ya vitu vya anasa: motokaa, shampeni, mashindano ya farasi, na watumishi wa nyumbani. Mwaka 1923 ukaja ushuru mkubwa kuliko wote kwa sifa, nao ni ushuru wa kujengea nyumba. Kila aliyekaa au kufanya biashara katika jengo la kupangishwa aliulipa, hata maskini, ila maskini alilipa kidogo sana. Ulipanda kwa ukali kadiri thamani ya jengo ilivyopanda, hata majengo 5 ya thamani kubwa katika kila 1,000 yakatoa zaidi ya sehemu mbili katika tano za mapato yote. Matajiri walimchukia Breitner kwa ajili hiyo, na si ajabu.

Mwaka huohuo Baraza liliazimu kujenga nyumba 25,000 katika miaka mitano. Zilimalizika kabla ya muda, nalo likaazimu nyingine. Kufika mwaka 1934 zilikuwa zimejengwa zaidi ya 60,000, zikikaliwa na kadiri ya mtu mmoja katika kila kumi wa mji ule. Ndani ya kila nyumba mlikuwa na maji na choo. Mpangaji alilipa kadiri ya senti nne katika kila shilingi ya mshahara wake, kwa sababu kodi ile ilikuwa ya matengenezo tu. Gharama ya ujenzi ilikwisha kulipwa na ushuru. Nyumba ziligawiwa kwa kuhesabu alama za shida ya kila mwombaji. Jengo liitwalo Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa Oktoba 1930, lina urefu uzidio kilomita moja, na lilikuwa na nyumba 1,382, pamoja na mahali pa kufulia, shule za watoto wadogo, maktaba na zahanati.

Lakini kilichotuvuta sisi zaidi ni kitu kidogo. Katika kuta za majengo hayo yaliandikwa, kwa herufi kubwa, maneno ya kuarifu kwamba jengo limejengwa na mji kwa mapato ya ushuru wa nyumba, katika miaka fulani. Mlipa kodi akipita njiani aliiona fedha yake imesimama. Wanachama wetu hutoa mchango wa mazishi bila manung'uniko mengi (mengine yapo, na Mweka Hazina ayajua) kwa sababu hesabu husomwa hapa mbele yao. Vienna walisoma hesabu yao ukutani.

Haifai tuwasimulie mema peke yake. Nyumba zenyewe zilikuwa ndogo, nyingi hazikuwa na mahali pa kuogea ndani, na wageni wa juzi katika mji walingoja nyuma ya wenyeji. Tena serikali kuu, iliyokuwa mikononi mwa wapinzani, ilipunguza fungu la mji katika kodi za nchi. Mwezi wa Februari 1934 mapigano yalizuka, na serikali ile ikaipiga Karl-Marx-Hof kwa mizinga. Meya wa wakati ule, Karl Seitz, akakamatwa, na chama kikapigwa marufuku. Hata hivyo wapangaji hawakuweza kufutwa kama chama. Chama kilirudi kuongoza mji mwaka 1945, na leo mji wa Vienna unamiliki nyumba zaidi ya 200,000.

Sasa tuje kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaacha sera ya nyumba kwa Serikali ya Taifa, lakini upangaji wa mji, pamoja na nyumba, ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 209 chairuhusu kaunti kutoza kodi juu ya ardhi na majengo, na juu ya burudani. Ni sehemu tu ya uwezo aliokuwa nao Breitner, lakini si uwezo wa kudharauliwa. Mgombea atakayetuambia kwamba kaunti haina la kufanya juu ya kodi za nyumba zinazowala wanachama wetu kila mwisho wa mwezi, hajaisoma Katiba, au anadhani sisi hatujaisoma.

Chama chetu hakifuati upande wowote wa siasa, wala hatuombi kibadilike. Tunaloomba ni kwamba kila mgombea atakayekuja kutafuta kura katika mikutano yetu aulizwe, mbele ya wazee, mambo matatu, naye ajibu kwa maandishi: ni jambo gani moja atakalolianza, ni kodi gani itakayolilipia na nani hasa ataitoa, na hesabu yake itabandikwa wapi. Maswali hayo yamekwisha pigwa chapa. Karatasi ziko mezani kwa Katibu, na kila tawi lichukue zake kabla ya kuondoka leo.